Tobias Wawili na Tuzo Moja

Ninyi walimu vijana, mkiitwa ofisini mkaambiwa "tumekuteua kwenye kamati ya sherehe", msitabasamu. Huo si upendeleo. Shule inatafuta mtu wa kulaumiwa mvua ikinyesha. Mimi nilitabasamu, nikakaa kwenye kamati hiyo mpaka nikastaafu, na hadi leo nikisikia kipaza sauti kikipiga mluzi mahali, hata kwenye harusi ya watu nisiowajua, hunyanyuka kutafuta waya uliolegea.

Jina langu ni Mwita, mzaliwa wa Kehancha, mwalimu wa Kiswahili. Nilifundisha kwanza huko kwetu, kisha nikaajiriwa na shule moja ya kibinafsi nje kidogo ya mji wa Homa Bay, nikazeekea huko. Shule yenyewe sitaitaja. Kila mwaka ilikuwa na siku ya kuwaenzi wanafunzi wake wa zamani waliofika mbali. Kwa kuwa nilikuwa na Kiswahili cha kusimamia jukwaa, na kwa kuwa Mkuria katikati ya Wajaluo hana ukoo wa kumpendelea, nikafanywa mshereheshaji wa kudumu.

"Mwita hana binamu hapa," alisema Madam Peres, mkurugenzi na mwenye shule. "Hatatuletea shemeji yake jukwaani."

Yeye alikuwa ameshaleta mashemeji wawili.

Kuwaenzi watu ni kazi ngumu kuliko kuwafundisha, wanangu. Uliyemfundisha kwa jasho akifaulu husema alijisomea mwenyewe kwa taa ya koroboi. Usiyemfundisha kabisa akisikia kuna tuzo hukumbuka ghafla kwamba alipitia hapo. Tulipata mmoja, mwanakandarasi wa barabara, aliyekaa shuleni kwetu muhula mmoja akahamia Migori. Jukwaani alitusimulia miaka yake minne kwa machozi. Alimsifu hata mwalimu wa hisabati ambaye aliajiriwa yeye akiwa ameshaoa.

Mwaka mwingine tulimuenzi mfanyabiashara wa ng'ombe wa Ogwedhi, mtu mkarimu, ambaye bila kumuuliza yeyote alileta zawadi ya dume kwa gari la mizigo. Nilimwomba alifunge nyuma ya jikoni. Akakataa, alitaka lionekane. Skauti walipopiga ngoma ya kwanza, dume lile lilipita katikati ya hema la wageni likaondoka na kamba, kigingi, na kitambaa cha meza kuu. Askofu alipanda juu ya kiti. Sikuwa nimejua kwamba askofu yule ana wepesi ule. Dume tulilipata jioni kwenye mahindi ya jirani, na jirani hakutusalimia tena. Kwa hivyo zawadi yenye miguu ipokelewe siku nyingine.

Na hema lielekezeni mgongo ziwani. Upepo wa mchana hutoka ziwani na haumjui mgeni rasmi. Wanafunzi nao wapewe chakula kabla ya hotuba, si baada yake, maana mtoto mwenye njaa hapigi makofi, hupiga miayo. Niliyasema haya kila mwaka kwenye kikao, kila mwaka yakaandikwa, na kila mwaka chakula kikatoka baada ya hotuba.

Aliyenifunza kazi ya jukwaa ni marehemu Mwalimu Ogutu, naibu wa mkuu wa shule nilipoajiriwa. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Aliniambia, "Mkubwa akishika kipaza sauti, usimpokonye. Mpigie makofi. Anapotua kuvuta pumzi, wewe anzisha, umati utafuata, naye atadhani amefika kileleni. Atakaa." Niliitumia mbinu hiyo kwa wawakilishi wa wadi, kwa wachungaji, na kwa wazee wa bodi. Haikunitupa mkono hata mara moja, isipokuwa ile siku ninayotaka kuwasimulia.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini.

Zamani, kumwalika mtu kulimaanisha kumwendea. Nimefika Rongo, nimefika Migori, nimefika mnadani Ogwedhi nikimtafuta mtu mmoja kati ya mbuzi wote wale. Unamkuta nyumbani, unakunywa chai yake, mnazungumza juu ya walimu waliokufa. Huwezi kumwalika mtu asiye ndiye ukiwa umekunywa chai yake. Lakini simu zikaja na makundi yake, na kazi ya mialiko ikapewa Mwalimu Brenda, binti mwerevu aliyekuwa ametoka chuoni juzijuzi na aliyeniona mimi kama kabati la zamani, zito lakini la kuheshimiwa.

Mwaka huo Madam Peres alitaka tumuenzi Profesa Tobias Ouma, bingwa wa mambo ya udongo, mhadhiri Nairobi. Brenda akaingia kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wa zamani, akamwona Tobias Ouma, akamtumia ujumbe mtamu: shule yako inajivunia kukuarifu kwamba umechaguliwa, kama mwanafunzi wetu wa zamani aliyefaulu maishani. Jibu lilirudi kabla hajaweka simu chini. "Amina. Nitakuja na familia yangu yote. Mungu awabariki walimu wangu."

"Ona profesa alivyo mnyenyekevu, Mwalimu," Brenda akanionyesha.

"Profesa anayejibu haraka namna hii, na kwa amina, hebu mwangalie tena," nikamwambia.

"Mwalimu, wewe kila kitu unashuku."

Nilinyamaza. Mara nyingi nimenyamaza mbele ya vijana kwa kuogopa kuitwa mzee, na kila mara nimejuta. Huku nyuma, Madam Peres naye, asiyeamini makundi ya simu, alimpigia Profesa mwenyewe kupitia rafiki yake. Profesa akakubali. Kwa hivyo tukawa na Tobias Ouma wawili njiani, na hakuna aliyejua.

Asubuhi ya sherehe nilikuwa langoni nikigombana na mtu wa vipaza sauti, aliyekuwa ameleta spika moja na maelezo mengi. Gari la kukodi likasimama. Wakashuka akina mama wa kanisa waliovaa nguo nyeupe na vitambaa vya kichwa vya buluu, wakiimba. Akashuka mwanamume mpana wa mabega, suti ya kahawia, mikono yenye weusi wa oili usiotoka kwa sabuni. Mkewe akamfuata. Kisha wote wakanyamaza, wakamsaidia kushuka mama mzee aliyevaa viatu vipya vyeusi, ambavyo alivitazama kila hatua kana kwamba ni vya mtu mwingine na ameambiwa asivichafue.

"Karibuni," nikasema. "Mmetoka mbali?"

"Takawiri, Mwalimu. Tumevuka na boti alfajiri mpaka Mbita, halafu tukachukua gari. Mimi ndiye Tobias Ouma."

Nilimtazama. Nikamtazama Brenda, aliyekuwa amesimama kando na shada la maua la kumvisha Profesa. Akayaficha maua mgongoni.

"Wewe ni... unafanya kazi gani, ndugu yangu?" nikauliza.

"Fundi wa injini za boti," akasema kwa fahari. "Huyu ni mama yangu. Ameomba aje aone."

Mama mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Japuonj," akaniita, yaani mwalimu, na akanishukuru kwa Kijaluo kwa maneno marefu ambayo sikuyastahili. Baada ya miaka mingi Homa Bay, Kijaluo nakielewa kuliko ningependa.

Ningewauliza ninyi mngefanya nini. Ukimwambia langoni, unamwambia mbele ya mama yake, mkewe, na kanisa zima. Usipomwambia, ataketi mstari wa mbele kwenye kiti chenye jina lake hadi Profesa aje kumwinua. Nilimwagiza Brenda awapeleke wageni kwenye chai, nami nikamvuta Tobias mpaka chumba cha vifaa vya michezo, mahali pekee palipokuwa na mlango unaofungika.

"Keti, Tobias."

"Niketi juu ya mpira?"

"Keti kwenye lile godoro la kurukia."

Akaketi. Nikamwambia yote bila kuzunguka, kwamba ujumbe ulikusudiwa mtu mwingine mwenye jina kama lake, profesa wa Nairobi, na kwamba tumekosa sisi. Alinisikiliza akikuna oili iliyokuwa chini ya ukucha.

"Kwa hivyo si mimi," akasema.

"Si wewe."

"Lakini jina ni langu."

"Jina ni lako."

"Na shule nilisoma. Mpaka kidato cha pili. Bweni lile la karibu na tangi."

"Ulisoma. Mimi nilikuwa bado sijafika hapa."

"Ujumbe ulisema mwanafunzi wa zamani aliyefaulu maishani." Sauti yake ikapanda. "Mimi nina karakana, Mwalimu. Injini zote za Takawiri zinapita kwangu, na za Mfangano pia. Nimelea wadogo zangu. Nani kati yenu alikuja akapima akaona sijafaulu?"

Nilikasirika, nakiri. Nilikasirika kwa sababu mtu huyu alikuwa na haki, na ratiba ya siku ile haikuwa na nafasi ya haki. Ilikuwa na nafasi ya sala, wimbo wa taifa, na hotuba nane.

Akainama. Alipoinuka alikuwa ameshuka bei. "Basi sitaki hiyo tuzo. Lakini mama asijue. Ametangaza kanisani. Amenunua viatu. Wewe taja jina langu tu. Nitasimama, nitakaa. Atakuwa amesikia."

Niliona ni jambo dogo. Nikaenda kwa Madam Peres, niliyemkuta akipanga viti vya meza kuu kwa mara ya tatu.

"Jina tu, Madam," nikamalizia.

"Hapana, Mwita. Leo nikimtaja fundi wa boti, kesho watakuja wote waliowahi kupita kwenye hili lango. Huyo hata hakumaliza!"

"Tumemwalika sisi."

"Brenda ndiye aliyemwalika. Brenda amwombe msamaha, ampe soda, ampe kiti kizuri. Hii ni siku ya wahitimu, wacha mchezo."

Brenda wakati huo alikuwa nyuma ya hema akilia, na wanja umemshukia mashavuni. Nikamwambia alie baadaye, tuna kazi. Si ukatili huo. Kwenye sherehe kila mtu ana zamu yake ya kulia, na ya kamati huja baada ya viti kurudishwa.

Sasa Profesa naye hakutokea. Nilimpigia, akasema wamefika Rongo. Tukaanza na sala. Kwaya ikaimba. Nikampigia tena, wamefika Rongo. Mwakilishi wa wadi akahutubia, nikampigia makofi akakaa. Kwaya ikaimba tena, sasa wimbo wa mazishi, kwa kuwa nyimbo nyingine zote zilikuwa zimekwisha. Nikapiga simu, dereva akapokea, akasema kwa furaha kabisa, "Tuko Rongo!" Nadhani walikuwa wameketi mahali wanakula nyama. Watoto wakawa wanapiga miayo kwenye jua. Wazazi wa nyuma wakaanza kukusanya mikoba yao. Madam Peres akaniashiria kwa jicho, kisha kwa mkono, kisha akanong'ona kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Sema kitu, Mwita! Watu wanaondoka!"

Aliyeamrishwa kusema kitu ana uhuru wa kuchagua kitu.

"Mabibi na mabwana," nikasema, "tunaye hapa mwanafunzi wetu wa zamani aliyevuka ziwa alfajiri kuja kwetu. Alisoma hapa mpaka kidato cha pili. Leo ni fundi wa injini za boti, na watu wa visiwani wanafika nyumbani salama kwa sababu yake. Tobias Ouma wa Takawiri, simama tukuone."

Akina mama wa kanisa wakapiga vigelegele. Tobias akasimama, akafunga kifungo cha suti, akainamisha kichwa, akakaa. Jambo likawa limekwisha, tena vizuri. Nikageuka kumtazama Madam Peres, macho yake yakiniambia tutaonana Jumatatu.

Nilipogeuka tena, mama mzee alikuwa anakuja jukwaani.

Alikuja polepole, akivichunga viatu vyake. Nikadhani anataka kunishika mkono. Akanishika, na mkono wake wa pili ukashika kipaza sauti, na nikajikuta sina kipaza sauti. Akaanza kwa Kijaluo. Mwakilishi wa wadi akacheka, akasema tafsiri, Mwalimu, wageni wasikie. Ndipo nikasimama pale kando yake, nikitafsiri sentensi moja baada ya nyingine, bila kujua inayofuata ni ipi.

"Nawasalimu. Mimi ni mama yake Tobias."

Nikatafsiri.

"Mke wa mwanangu amenisomea karatasi mliyotugawia. Imeandikwa profesa. Mwanangu si profesa. Mmemkosea jina."

Hapo mimi na Tobias tulitazamana. Tulikuwa tumejifungia chumbani kumficha mama habari ambayo alikuwa ameshapewa pamoja na chai.

"Sina neno," akaendelea. "Sikuja kuchukua hiyo tuzo yenu ya kioo. Kioo kingevunjika kwenye boti. Nilikuja kwa kuwa mmetuita, maana hamkuwahi kutuita."

Nikatafsiri hilo pia.

"Mtoto huyu alilala hapa miaka miwili. Baba yake akafa. Tukamzika. Mtoto hakurudi. Kitanda chake hapa kikawa kitupu. Mbuzi akikosa zizini jioni, mwenyewe huuliza. Nani aliuliza? Hakuna aliyevuka maji. Hata mtu mmoja, hata kuja kusema pole tu, kisha arudi zake."

Mnafahamu, au kama si wa huku mfahamu sasa, kwamba kwa Wajaluo kutokwenda matangani si kusahau. Ni kusema wazi kwamba yule aliyekufa, na walioachwa, si watu wako. Nikakumbuka mbinu ya Mwalimu Ogutu. Mama alipotua kuvuta pumzi, nikaanzisha makofi. Akina mama wa kanisa wakaitikia kwa nguvu. Naye akangoja yaishe, akaniambia asante, akaendelea.

"Mnyang'anye hicho kipaza sauti," Madam Peres alininong'oneza kwa meno yaliyofungwa.

"Mnyang'anye wewe, Madam," nikanong'ona. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nastaafu.

Mama alisikia kunong'ona, ingawa hakuelewa maneno. Akageuka akamtazama mkurugenzi uso kwa uso. Yaliyofuata aliyasema kwa sauti ndogo, hata nikalazimika kuinama ili nisikie.

"Wewe mume wako alipokufa, mimi nilikuja."

Sikutafsiri. Madam Peres ni Mjaluo, hakuhitaji.

Mume wake ndiye aliyeanzisha shule, na ndiye aliyekuwa mkuu wakati Tobias yuko kidato cha pili. Mazishi yake nayakumbuka. Watu walikuwa wengi mpaka barabarani, na nani angeweza kuwajua wote?

"Ulikuja?" Madam Peres akauliza.

"Nilikuja na watu wa kanisa. Tulikaa nyuma, karibu na migomba. Nililia. Alikuwa mwalimu wa mtoto wangu."

Nimemjua mwanamke yule miaka mingi. Nimemwona akimfukuza mkaguzi wa afya kwa maneno matupu. Siku ile alisimama kutoka meza kuu, akapita mbele ya mwakilishi wa wadi bila kuomba radhi, akaja mpaka kwa mama. Alivua miwani. Akasema, "Mama, tukija sasa, mtatupokea?"

"Nyumba ipo," mama akajibu. Akanirudishia kipaza sauti, akashuka.

Ndipo Profesa akafika. Magari matatu, vumbi, mlango ukafunguliwa na dereva, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Alisimama kwenye mlango wa hema mpaka Brenda akakumbuka kumvisha maua. Mngetegemea mtu aliyesoma vile atahisi kwamba kuna kitu kimepita mahali pale. Wapi. Alitoa karatasi zake akatueleza habari za udongo, tindikali yake na chokaa yake, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mvua ikaja ikafanya kazi ambayo makofi yangu hayakuweza. Tuzo alikabidhiwa chini ya paa la jikoni, karibu na sufuria za pilau. Alipiga picha, akala, akaondoka. Simlaumu. Alialikwa kwa haki akaja. Ila wale watoto walikula wakiwa wameloa.

Tobias nilimkuta akiwapakia wageni wake garini. Nilidhani atakuwa amefurahi. Alikuwa amenuna.

"Mama ameniaibisha," akasema. "Nilikwambia asijue. Sasa nchi nzima inajua nilitoroka shule."

"Hukutoroka. Ulifiwa."

"Watu hawatofautishi, Mwalimu."

Alifunga mlango wa gari kwa nguvu. Nikarudi kuhesabu viti vya kukodi nikijiuliza kwa nini sikuzaliwa mkulima wa tumbaku kama kaka yangu.

Nilikuwa na hakika kwamba Madam Peres angesahau. Wakubwa huahidi mbele ya watu, na ahadi hukauka pamoja na hema. Lakini Jumatatu, badala ya kunikaripia, aliniuliza, "Matanga ya zamani hivyo mtu hubeba nini?" Nikamwambia sukari, majani ya chai, unga, na shuka kwa ajili ya mama, na kwamba huko kwetu Kehancha pia tungeongeza aibu kidogo. Hakucheka, lakini hakukataa.

Jumamosi tukasafiri, yeye, mimi, na Brenda aliyelazimishwa, mpaka Mbita. Tobias alikuja kutuchukua kwa boti yake, bado amenuna, lakini amekuja. Ndipo nikagundua jambo ambalo mkurugenzi alikuwa amelificha maisha yake yote: mwanamke huyu wa Homa Bay, aliyezaliwa akitazama ziwa, aliogopa maji. Alivaa koti la kuokolea, akaniamuru nami nivae, akaomba jingine alivae juu ya lile la kwanza. Njia nzima alinishika mkono wa shati hadi mshono ukaachia. Wimbi lilipopiga ubavuni alimwita Yesu, kisha mumewe, kisha akamwambia Tobias apunguze mwendo. Tobias akapunguza. Brenda akatapika. Hiyo ndiyo rambirambi tuliyofika nayo.

Boma lao liko juu kidogo ya ufuo. Mama alikuwa amesimama mlangoni, miguu mitupu safari hii. Akatuongoza kwanza kaburini, kando ya nyumba, chini ya jiwe lililopakwa chokaa. Madam Peres alikuwa ameandaa maneno. Nilimsikia akiyakariri garini kutoka Homa Bay. Pale kaburini aliyaacha yote, akasema tu, "Min Tobias," yaani mama yake Tobias, "pole. Tumechelewa."

"Ndiyo, mmechelewa," mama akasema. Hakulainisha. Kisha akamshika mkono. "Ingieni. Samaki watapoa."

Tukala ngege kwa ugali. Majirani wakaja, wakatusalimu kama watu wanaosalimiwa matangani, wengine wakaimba wimbo mmoja, wakakaa. Hakuna aliyehutubia. Katika miaka yangu yote ya kusimamia shughuli za watu, hiyo ndiyo shughuli pekee niliyoona inakwenda sawa, na haikuwa na mshereheshaji. Mama alimuuliza Madam Peres kama analala vizuri tangu awe mjane, na wakazungumza hayo wawili wakiwa wameinamiana, sisi wengine tukajifanya hatusikii.

Jua lilipoanza kupungua ukali, Tobias akatushusha ufuoni. Madam Peres alivaa makoti yake mawili, akaketi, akashika ubao kwa mikono yote. Tobias alikuwa anakunja kamba ya nanga. Uso wake ulikuwa umelegea kidogo, nikadhani yamekwisha. Nadhani Madam naye alidhani hivyo, kwa sababu alimuuliza kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kumsikia akiitumia shuleni:

"Tobias, wakati ule ukiwa kwetu, ulitaka kuja kusomea nini?"

Tobias akaacha kukunja. Akamtazama, si kwa hasira. Alimtazama kama anavyotazama injini iliyoletwa kwake ikiwa imekaa majini muda mrefu mno.

"Hilo, Madam," akasema, "mngeniuliza wakati ule."

Akavuta kamba, injini ikanguruma, akageuza boti kuelekea Mbita.